Aibu Yako Ndiyo Mtaji Wao: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Vidonge vya Nguvu za Kiume Mtandaoni

Barua za safari hii karibu zote zimeanza na ombi lilelile: msiandike jina langu. Hatutaliandika. Ila ombi hilo lenyewe linaeleza kwa nini biashara hii imejaa matapeli kuliko biashara ya viatu. Aliyeuziwa viatu vibovu hupiga kelele. Aliyeuziwa vidonge hewa vya nguvu za kiume hunyamaza, na muuzaji alishapigia hesabu ukimya huo kabla hajatoa tangazo. Majibu yameandaliwa na mfamasia wetu na mwenzetu anayeshughulikia malalamiko ya malipo ya mtandaoni.

Niliona tangazo la chupa ya majaribio, bure kabisa, nilipie usafirishaji tu. Nikajaza namba ya kadi. Chupa ilifika, lakini siku chache baadaye nikakatwa fedha nyingi, na mwezi uliofuata nikakatwa tena. Nimewaandikia wauzaji, kimya. Nimeibiwa kadi?

Hapana, ndugu yetu, na hilo ndilo linalokuuma: wewe mwenyewe uliwaruhusu. Chini ya kitufe cha kuagiza kulikuwa na kiungo cha vigezo na masharti. Humo ndani, kwa herufi ndogo za rangi ya majivu, kwa kawaida huandikwa kwamba majaribio ni siku 14, usipoghairi utatozwa bei kamili, na kuanzia hapo utaletewa chupa nyingine kila baada ya siku 30 hadi useme basi. Ujanja wenyewe uko kwenye kuhesabu siku. Wengi wao huanza kuhesabu siku uliyoagiza, si siku uliyopokea. Mzigo ukikaa njiani siku 10, umebakiwa na siku 4 za kujaribu kitu ambacho wao wenyewe wanasema kitaonyesha matokeo baada ya wiki kadhaa.

Leo hii waandikie barua pepe moja fupi, yenye namba ya oda: "Ninaghairi usajili huu na kufuta ruhusa yote ya kutoza kadi yangu kuanzia leo." Usisubiri jibu, wala usibishane nao. Barua hiyo huwaandikii wao hasa, ni ushahidi wako wa benki.

Kisha piga simu benki, na hapa chagua maneno kwa uangalifu. Usiseme "nimeibiwa." Ukisema hivyo, lalamiko lako litafunguliwa kama wizi wa kadi, muuzaji ataonyesha kwamba mzigo ulipelekwa kwenye anwani yako, na lalamiko litakufa. Sema hivi: "Muuzaji anaendelea kutoza malipo ya kujirudia niliyokwisha kuyaghairi." Omba mambo mawili, si moja: urejeshewe yaliyotozwa, na muuzaji huyo azuiwe kwa jina lake. Wengi huomba kadi mpya wakadhani wamemaliza. Mitandao ya kadi ina huduma ya kuwasasishia namba wafanyabiashara wenye ruhusa ya malipo ya kujirudia, kwa hiyo namba mpya inaweza kumfikia yuleyule unayemkimbia.

Jina utakalolikuta kwenye taarifa ya benki mara nyingi halifanani na jina la chupa. Linakili kama lilivyo, herufi kwa herufi, ulitafute mtandaoni; huenda ukakutana na wenzako. Pitia pia taarifa za miezi mitatu ukitafuta makato madogo yanayojificha: "bima ya mzigo," "uanachama wa klabu ya afya" na mengine ya jinsi hiyo, yaliyotiwa tiki kabla hujafika kwenye ukurasa wa malipo. Kwa kadi za Visa na Mastercard, muda wa kulalamika mara nyingi ni siku 120, lakini benki yako inaweza kuwa na muda mfupi zaidi. Nenda wiki hii.

Waliolipa kwa pesa za simu wana nafuu moja na hasara moja. Nafuu ni kwamba bila namba yako ya siri hakuna atakayerudi kukukata mwezi ujao. Hasara ni kwamba kilichokwenda, mpokeaji akishakitoa, hakirudi kwa urahisi. Piga huduma kwa wateja dakika hiyohiyo, uwe na namba ya muamala mkononi.

Mimi sikutapeliwa hata kidogo. Nilinunua vidonge vya mitishamba mtupu, nikameza kimoja, dakika arobaini mambo yakawa mambo. Nataka kuwaambia wasomaji wenzangu kwamba vya kweli vipo.

Tusamehe kwa kukuharibia furaha, kaka, lakini barua yako ndiyo iliyotutia wasiwasi kuliko zote. Kidonge kisichofanya kitu kinakula fedha. Kinachofanya kazi ndani ya dakika arobaini kinaweza kukula wewe.

Hakuna mtishamba unaojulikana kufanya hivyo. Hata ginseng, ambao angalau umefanyiwa majaribio, hupimwa kwa wiki kadhaa za kumeza kila siku, na matokeo yake ni hafifu. Kinachoamka ndani ya nusu saa hadi saa moja ni sildenafili, dawa ya hospitali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Na kama nguvu hizo bado zipo kesho yake jioni, shuku tadalafili, ambayo hudumu hadi saa 36. Kwenye boksi halali majina hayo utayakuta bila ile "i" ya mwisho. Kwenye chupa yako hutayakuta kabisa, na hapo ndipo kosa lilipo.

Jambo hili limepimwa. Watafiti walipitia orodha ya bidhaa ambazo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilizikuta zimechanganywa dawa kwa siri kati ya mwaka 2007 na 2016. Zilikuwa 776. Kati ya hizo, 353 zilikuwa za nguvu za kiume, kundi kubwa kuliko yote, likizidi hata la kupunguza unene, na sildenafili ilikutwa kwenye 166 kati ya hizo 353. Nyingine zilikuwa na binamu za sildenafili, yaani kemikali iliyobadilishwa kidogo tu ili isionekane kwenye vipimo vya kawaida. Binamu hao hawajawahi kujaribiwa ipasavyo kwa binadamu. Mwenye kuwajaribu ni mnunuzi.

Utauliza, kama ni sildenafili ileile ya hospitali, ubaya uko wapi? Upo kwenye kipimo kwanza. Kidonge halali ni miligramu 25, 50 au 100, na 100 ndiyo ukomo kwa siku. Anayechanganya unga kwenye pipa kwa koleo hawezi kuugawa sawasawa, hivyo katika chupa hiyohiyo kapsuli moja itakuwa tupu na nyingine imepita ukomo. Ndiyo maana utasikia mtu akisema "ya kwanza haikunishika, nikaongeza mbili."

Pili, hujui pipa hilo jana lilikuwa na nini. Huko Singapore, kati ya Januari na Mei 2008, watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa sababu sukari ya damu yao ilikuwa imeporomoka vibaya. Uchunguzi ulifika kwenye vidonge vya nguvu za kiume vilivyokuwa na glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari ya wagonjwa wa kisukari. Saba walibaki kwenye koma kwa sababu ubongo ulikosa sukari kwa muda mrefu, na wanne kati yao walikufa. Hawakuwa na habari kama wamemeza dawa ya kisukari, wangeijuaje?

Ukitaka kukitambua kidonge cha namna hii kabla hujakimeza, soma maonyo yake. Mtengenezaji anayejua alichokiweka ndani huogopa, na hofu hiyo humponyoka kwenye lebo. Ukikuta "mitishamba asilia 100%" halafu chini yake "usitumie kama unatumia dawa za nitrati za moyo," jiulize ni jani gani hilo linalogombana na nitrati. Vivyo hivyo kwa "usizidishe kimoja ndani ya saa 24" na "kichwa kuuma kidogo na uso kuwaka ni dalili kwamba dawa inafanya kazi." Hayo ni maonyo na madhara yanayojulikana ya sildenafili. Ahadi ya saa kamili ni dalili nyingine: "saa 72 bila kuchoka." Tazama pia kifungashio. Kapsuli moja moja kwenye kadi ya kung'aa, au asali kwenye pakiti ya kufyonza mara moja. Kuhusu asali hizo, Julai 2022 FDA ilizionya kampuni nne baada ya kukuta sildenafili na tadalafili ndani yake.

Na kama umeshameza: pua kuziba, uso kupata moto, na vitu kuonekana na rangi ya samawati ni mwenendo wa sildenafili. Mgongo na misuli kuuma siku ya pili ni wa tadalafili. Acha kutumia, usitupe kilichobaki, peleka chupa yote kwa mfamasia au kwa mamlaka ya dawa. Uume ukisimama zaidi ya saa nne, hata kama hakuna hamu, nenda hospitali saa hiyohiyo. Damu iliyotuama humo huanza kuua misuli, na mtu anaweza kupoteza kabisa kile alichokuwa anakitafuta.

Mume wangu ana ugonjwa wa moyo na ana dawa ya kupuliza chini ya ulimi kifua kikimbana. Nimekuta pakiti za vidonge vya nguvu za kiume kwenye begi lake. Nikimwuliza atakasirika. Nifanye nini?

Mwulize leo, dada, akasirike. Dawa ile ya kupuliza ni nitrogliserini, moja ya nitrati. Isosorbidi ni nyingine, ya vidonge. Nitrati hulegeza mishipa, sildenafili nayo hulegeza kwa njia inayokutana na ileile. Zikikutana, shinikizo la damu huanguka ghafla hadi moyo na ubongo vikakosa damu. Mkasa wa kawaida huwa hivi: mtu anameza kidonge, anafanya tendo la ndoa, kifua kinabana, anajipulizia dawa yake kama alivyofundishwa. Kile kilichokuwa kimwokoe ndicho kinachomwangusha.

Usianze na ugomvi wa "nimekufuma." Weka pakiti mezani, sema unachojua kuhusu ile dawa ya kupuliza, na umwombe mwende pamoja kwa daktari wake wa moyo. Wapo wagonjwa wa moyo wanaoweza kutibiwa tatizo hili kwa usalama, lakini wasiotumia nitrati.

Jambo moja ulikariri: kifua kikimbana na ameshameza kidonge, asijipulizie. Nendeni hospitali, na awe yeye au wewe, mwambieni wa kwanza kumpokea kwamba amemeza kidonge cha nguvu za kiume, saa ngapi. Baada ya sildenafili, nitrati husubiri angalau saa 24. Baada ya tadalafili, angalau 48. Kama kidonge hakijulikani ni nini, hesabuni 48. Wauguzi wamesikia makubwa kuliko hayo.

Nitajuaje kama tovuti ni ya kweli kabla sijalipa? Yangu ina alama ya kufuli na maoni mengi mazuri.

Kufuli inasema tu kwamba mazungumzo kati ya simu yako na tovuti yamefichwa wasiyaone wengine. Haisemi unazungumza na nani. Tapeli huipata bure, kwa dakika chache.

Anza na anwani yenyewe, na isome kinyumenyume. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya "https://", kisha rudi kushoto. Maneno mawili ya mwisho kabla ya mkwaju huo, yanayotenganishwa na nukta, ndiyo kwa kawaida mwenye nyumba. Kwa mfano wa kubuni, "dukarasmi.punguzo-leo.com" si mali ya duka rasmi lolote, ni mali ya "punguzo-leo.com", na hilo "dukarasmi" ni pambo la mlangoni.

Nenda kwenye lookup.icann.org, andika jina hilo, utazame tarehe ya kusajiliwa. Tovuti inayojisifu kuhudumia wateja tangu mwaka 2009 na jina lake lina wiki sita, umeshaijua. Umri mkubwa peke yake hauthibitishi uaminifu, maana majina ya zamani huuzwa, lakini uchanga ni dalili mbaya.

Maoni ya wateja usiyasome, yatafute. Nakili sentensi moja nzima, iweke ndani ya alama za kunukuu, utafute. Ukiikuta kwenye tovuti nne za bidhaa nne tofauti, kazi imekwisha. Picha ya "mteja aliyeridhika" ipitishe kwenye Google Lens au TinEye, zinazoonyesha picha hiyo imewahi kutumika wapi kwingine mtandaoni. Mara nyingi ni mtu wa picha za kukodi ambaye hana habari. Saa ya ofa inayohesabu kushuka nayo ina jaribio lake: funga ukurasa, ufungue upya katika hali fiche ya kivinjari. Ikianza tena kwenye dakika 15, na chupa "zilizobaki saba" bado ni saba, si saa ile, ni mapambo.

Mwisho fungua ukurasa wa sera ya faragha, ule usiosomwa na mtu. Wanaojenga tovuti hizi kwa haraka huunakili kutoka kwingine, wakasahau kubadilisha jina la kampuni. Tovuti ya vidonge ambayo sera yake inazungumzia wateja wa magodoro haihitaji uchunguzi zaidi.

Na ukishaamua kulipa, lipa kwa kadi ya mtandaoni yenye ukomo, uliyoitia kiasi cha oda hiyo tu. Anayekataa kadi na kutaka sarafu za kidijitali, kadi za zawadi au fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, mwache.

Chupa imeandikwa "imeidhinishwa na FDA" na wana cheti cha maabara. Hiyo haitoshi?

Haitoshi, na sentensi ya kwanza ni uongo wa wazi. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, virutubisho haviombi idhini ya FDA kabla ya kuuzwa, kwa hiyo hakuna kirutubisho "kilichoidhinishwa." Wajanja zaidi huandika "kimetengenezwa katika kiwanda kilichosajiliwa FDA." Hilo linaweza kuwa kweli, na maana yake ni ndogo: kiwanda kimejiandikisha.

Cheti cha maabara kinaweza kuwa kitu cha maana ukijua pa kutazama. Namba ya toleo kwenye cheti ifanane na iliyogongwa kwenye chupa yako. Jina la maabara liwepo, na ukiitafuta maabara yenyewe, si kwa kubofya kiungo cha muuzaji, uikute. Kisha tazama walipima nini. Vyeti vingi vimepima bakteria, ukungu na madini mazito kama risasi. Vizuri, lakini hakuna aliyetafuta sildenafili humo, na kisichotafutwa hakionekani. Alama za wapimaji huru kama USP na NSF zina uzito, ila usiamini picha ya alama. Ingia kwenye tovuti ya mpimaji, ulitafute jina la bidhaa huko. Nazo pia zinathibitisha kilichomo, hazithibitishi kwamba kinafanya kazi.

Ukiona "mchanganyiko maalumu, miligramu 1,500" bila kiasi cha kila kimoja, ujue unaweza kuwa unanunua unga wa wanga wenye chembe ya ginseng.

Nimeona video ya daktari mashuhuri akiisifia dawa hiyo. Sauti ni yake kabisa.

Sauti siku hizi hutengenezwa kwa akili mnemba, na dakika chache za mahojiano yake zinatosha. Tazama midomo kwenye herufi m, b na p, ambazo lazima midomo ifunge. Kwenye video bandia mara nyingi haifungi vizuri. Lakini usitegemee macho, maana video zinaboreka kila mwaka. Nenda kwenye ukurasa wake rasmi au wa hospitali anakofanyia kazi. Kama hakuna tangazo hilo huko, si lake.

Mzigo wangu "umekwama forodhani." Wanataka nilipe ushuru kidogo, nimelipa, sasa wanataka cheti cha usalama. Nimalizie?

Usiongeze hata senti. Hakuna mzigo. Ushuru halali hulipwa kwa forodha au kwa kampuni ya usafirishaji, kwa namba ya kumbukumbu unayoweza kuihakiki kwao mwenyewe. Muuzaji hapokei ushuru kwenye namba yake ya simu. Na jiandae: ndani ya wiki chache atakutafuta "wakala wa kurejesha fedha za waliotapeliwa," akijua kiasi ulicholizwa hadi senti. Anakijua kwa sababu ni yuleyule, au ameuziwa orodha.

Je, kuna kidonge chochote kinachorefusha uume?

Hakuna.

Tungeishia hapo, ila mwenye swali ameambatanisha tangazo lenye asilimia na "wanasayansi," kwa hiyo tumkumbushe habari ya Enzyte. Kilikuwa kidonge maarufu kwenye televisheni za Marekani. Mwaka 2008 mwenye kampuni, Steve Warshak, alitiwa hatiani kwa ulaghai na akahukumiwa miaka 25, ambayo baadaye ilipunguzwa. Mahakamani ilielezwa kwamba madaktari waliotajwa kuwa wamekigundua hawakuwepo duniani, na utafiti wa wateja wenye asilimia zile ulibuniwa. Wateja walikuwa wakikatwa kadi kila mwezi, kama msomaji wetu wa kwanza. Na aliyedai arejeshewe fedha aliambiwa alete barua ya daktari, iliyothibitishwa kisheria, kwamba uume wake haukuongezeka. Nani angeileta? Hapo ndipo utaona tuliposema aibu ni mtaji hatukuwa tunapamba.

Kuhusu wasiwasi wenyewe: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000 vilivyopimwa na wataalamu, ulipata wastani wa sentimita 13.12 uume ukiwa umesimama. Wengi wanaotuandikia kwamba wao ni wadogo wamo humohumo.

Muuzaji alidai picha "ili anipangie dozi." Nilituma. Sasa anataka fedha, la sivyo atawatumia ndugu zangu. Ameninyima usingizi.

Pole sana. Usilipe. Anayelipa mara ya kwanza hujiandikisha kwenye orodha ya wanaolipa, na dai la pili huwa kubwa zaidi.

Usifute mazungumzo kwa hasira. Kwanza piga picha za skrini: namba yake, jina la akaunti, vitisho, namba aliyotaka fedha ziende. Kisha mzuie bila kumjibu, maana kila jibu humwambia kwamba hofu ipo. Funga orodha ya marafiki isionekane kwenye mitandao yako, kwa kuwa humo ndimo anamopata majina ya ndugu. Kama una miaka 18 au zaidi, tumia huduma ya bure ya StopNCII.org: simu yako hutengeneza alama ya kidijitali ya picha, picha yenyewe haitoki kwenye simu, na majukwaa yanayoshirikiana nao huizuia ikijaribiwa kupandishwa. Ripoti akaunti kwenye jukwaa lenyewe, na polisi wa makosa ya mtandao ukiwa na zile picha za skrini.

Mwambie mtu mmoja unayemwamini kabla hajaambiwa na tapeli. Ni kazi ngumu kuliko zote tulizoandika hapa, lakini inamnyang'anya silaha aliyonayo. Na kwa wengine: hakuna dozi duniani inayopangwa kwa picha.

Mimi tatizo ninalo kweli, nina miaka 52. Nitapata wapi kitu halisi?

Shikamoo, mzee wetu. Anzia kliniki, si dukani, na sababu si adabu tu. Mishipa ya damu ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo 3 hadi 4. Mafuta yakianza kuziba mishipa mwilini, ile myembamba hulia kwanza, wakati mwingine miaka kadhaa kabla ya moyo. Omba upimwe shinikizo la damu, sukari, lehemu, na homoni ya testosteroni, ambayo hupimwa asubuhi. Taja dawa zote unazotumia, maana baadhi za shinikizo la damu na za sonona hupunguza nguvu, na pengine kubadilisha moja kutatosha. Utaulizwa kama bado unaamka asubuhi uume ukiwa umesimama. Jibu kweli, ukisimama vizuri alfajiri na kugoma usiku, huenda tatizo liko zaidi kwenye mawazo kuliko kwenye mishipa.

Ukiandikiwa dawa, huhitaji jina kubwa. Sildenafili na tadalafili za viwanda vingine, zenye kibali, zinafanya kazi ileile. Ukitaka kununua mtandaoni, chukua jina la duka ulitafute kwenye orodha ya mamlaka ya dawa, ukiingia huko mwenyewe. Nchi za Umoja wa Ulaya zina nembo ya pamoja tangu 2015: ukiibofya lazima ikupeleke kwenye orodha ya serikali yenye jina la duka hilo, na isipokupeleka popote ni picha tu. Duka halali litakusumbua: litadai cheti cha daktari, litauliza kuhusu moyo na dawa zako. Lisilouliza chochote ndilo la kukimbia.

Sildenafili meza saa moja kabla, tumbo likiwa jepesi, kwa kuwa mlo wa mafuta mengi huichelewesha. Haileti hamu, bila msisimko haifanyi kitu, na wengi huiita feki kwa sababu hiyo. Ijaribu mara sita au nane, siku tofauti, kabla hujarudi kwa daktari kusema imeshindwa. Kila ukifungua boksi jipya, linganisha namba ya toleo na tarehe ya mwisho iliyo kwenye boksi na ile iliyogongwa kwenye karatasi ya vidonge. Zikitofautiana, usimeze, lirudishe na risiti yake.